Rufaa ya Siku Ileile: Kwamsisi Mbili
(Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulizipanda ngazi za matibabu, kuanzia zahanati na kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, hadi Bombo, hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Tanga. Leo tutazame saa zinazopotelea kati ya ngazi moja na nyingine.

Mkoani Tanga Kwamsisi ziko mbili. Moja ni kata ya Mji wa Korogwe, mji wenye Hospitali ya Magunga. Nyingine ni kata ya Handeni, upande wa kuelekea pwani, ambako hospitali ni safari. Watoto wawili wakishikwa na degedege la malaria usiku mmoja, huyu hapa na yule kule, maradhi yao ni mamoja ila njia zao ni mbili.

Malaria kali haingoji kucha. Watoto wengi wanaofia wodini kwa ugonjwa huu hufariki ndani ya saa 24 za mwanzo. Magunga ilikuwa miongoni mwa hospitali 11, katika nchi 9 za Afrika, zilizofanya utafiti uliochapishwa mwaka 2010. Kati ya watoto 5,425 walioshirikishwa, waliotibiwa kwa sindano ya atesuneti walifariki asilimia 8.5, na waliopewa kwinini asilimia 10.9. Atesuneti imeokoa wengi, lakini mtoto aliye bado njiani haimfikii.

Kwa hiyo miongozo inataka dozi ya kwanza itolewe kabla ya safari. Mtoto wa chini ya miaka 6 anaweza kuwekewa atesuneti kwa njia ya haja kubwa, kisha apelekwe hospitali mara moja. Hapa pana mtego. Baada ya saa chache joto hushuka, mtoto hufumbua macho na kuomba uji. Bibi humshukuru Mungu, na bodaboda iliyokwisha kuitwa huambiwa irudi. Wazazi wenzangu, nafuu hiyo ni ya kununua muda tu. Vimelea wamepungua, hawajaisha, na tiba kamili ingali hospitali. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea na kupoteza fahamu, aondoke siku hiyohiyo.

Aondoke na karatasi yake. Fomu ya rufaa iliyojazwa vizuri hueleza dawa aliyopewa, kiasi chake na saa aliyopewa. Saa hiyo ikikosekana, anayempokea hujikuta akikisia dozi inayofuata. Muuguzi akipiga simu mapema, mgonjwa hukuta watu wamejiandaa.

Mwaka 1994 Thaddeus na Maine, wakichunguza vifo vya wajawazito, walitaja ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika na kuchelewa kuhudumiwa. Kuamua hufanyika nyumbani, na mara nyingi kwa mganga wa jadi. Utafiti wa Makundi na wenzake uliofanyika Kilosa na Handeni, uliochapishwa mwaka 2006, uliwatazama waganga hao katika malaria kali ya watoto. Kwa kuwa wao ndio hubishiwa hodi kwanza, tuwafundishe dalili za hatari, nao wawe wa kwanza kusema: mpelekeni hospitali.

Kuhusu kufika, tunayo m-mama, iliyozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Ukipiga 115 bila malipo kwa ajili ya mjamzito, mzazi au kichanga, hutafutwa gari la wagonjwa. Likikosekana, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, na nauli yake hulipwa kwa simu. Mtoto wa miaka mitatu mwenye degedege hayumo katika mpango huo. Basi Kwamsisi ya Handeni imwandalie gari lake: serikali ya kijiji ikubaliane mapema na dereva, nauli na mfuko wa kuilipa, na namba yake ibandikwe mlangoni pa zahanati. Mambo hayo yaamuliwe mchana, mkutanoni, mtoto akiwa mzima.

Wiki ijayo: mgonjwa amefika mapokezi.