Karate ya Kitabuni

Kijana wa Dodoma anaweza kuanza karate kwa kitabu cha mitumba kabla hajapata mwalimu. Njia hiyo ni ya siku nyingi. Mwaka 1922 Gichin Funakoshi, mwalimu kutoka Okinawa, alitoa kitabu chake cha kwanza cha karate. Tetemeko la ardhi la 1923 nchini Japani liliharibu vibao vya kuchapia kitabu hicho. Toleo la 1925 likaja na picha za kamera badala ya michoro. Hata nje ya karate kuna vitabu vya namna hiyo: Bruce Lee, mwigizaji wa filamu za mapigano, alifariki 1973, na kitabu chake mashuhuri, Tao of Jeet Kune Do, kilichapishwa 1975 kutokana na maandishi aliyoyaacha.

Kitabu kinamudu mambo yaliyotulia. Ukurasa mmoja watosha kufundisha ngumi: vidole vinakunjwa, dole gumba linabana kwa nje, kifundo cha mkono kinanyooka. Anayeficha gumba ndani ya ngumi anaweza kulivunja.

Lakini picha haisukumi wala haikwepi.

Umbali, kasi na woga hujulikana mbele ya mtu anayesogea. Kuanguka nako kuna hatari yake: lazima kidevu kiwe kifuani, kichwa kisiguse chini. Kwenye udongo mkavu wa Dodoma, kosa moja laweza kumpeleka mtu hospitali.

Kuna sheria pia. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inamruhusu mtu kujitetea, ila kwa nguvu inayolazimu tu.

Basi soma, kariri mikao, lakini usijaribu kumbwaga mwenzio kabla ya kupata mwalimu na mkeka.