Msumbiji: Trekta Bora ni Lile Lenye Vipuri

Nchi jirani ya Msumbiji ilijipatia uhuru mwaka 1975. Walowezi wengi wa Kireno waliondoka, na mafundi wakaondoka nao. Serikali ikaanzisha mashamba makubwa ya dola na kuagiza matrekta kutoka ng'ambo. Mengi yaliharibika mapema kwa kukosa vipuri na mafundi. Mwaka 1983, Mkutano Mkuu wa Nne wa FRELIMO uliamua kuwapa wakulima wadogo uzito zaidi.

Fundisho hilo lingali hai. Trekta la ghali lina kebini yenye kiyoyozi na injini inayoongozwa kwa vyombo vya elektroniki. Hulima eka nyingi, na dereva hachoki upesi. Lakini likizima, huhitaji kompyuta na fundi maalumu. Trekta la kawaida halina anasa hizo. Fundi wa wilayani hulifungua kwa spana zake.

Mvua haingoji vipuri. Askari anafahamu fika kwamba gari la deraya lisilo na vipuri ni mzigo kwa kikosi. Hivyo basi, mnunuzi hana budi kuuliza kwanza: nani atalitengeneza, na wapi? Penye shamba kubwa na karakana ya kutosha, trekta la ghali hurudisha gharama yake. Pasipo karakana, la kawaida ndilo ngao dhidi ya njaa.