Spora Ndani ya Mnofu
Miksozoa ni vimelea vya samaki visivyoonekana kwa macho, na baadhi yake hujichimbia ndani ya minofu. Kwa muda mrefu vilihesabiwa miongoni mwa viumbe wa seli moja. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba ni jamaa ya yavuyavu wa baharini, waliopungua hadi kubaki na seli chache tu. Ukoo huo bado unaonekana katika spora zao: kila spora ina vifuko vyenye uzi uliokunjwa, unaofyatuka kama ule unaomwasha mwogeleaji.

Mtambuzi huanza na vifuko hivyo. Spora ya Myxobolus, jenasi iliyoenea katika samaki wa maji baridi, huwa na viwili vilivyolala upande mmoja. Ya Kudoa, ambayo hukaa zaidi katika samaki wa baharini, ina vinne au zaidi, na ikitazamwa kutoka juu hufanana na ua. Kwa hiyo anayepasua tilapia wa bwawani Bungoma au Kitale hutarajia Myxobolus. Anayepasua samaki wadogo wa pwani huiwazia Kudoa mapema. Utepe mweupe unaokutwa tumboni mwa omena ni jambo jingine kabisa. Huo ni Ligula, mnyoo tegu anayekaa nje ya minofu, na hakuna haja ya hadubini kumwona.

Mabwawa ya magharibi mwa Kenya yaliongezeka kuanzia mwaka 2009, serikali ilipogharamia mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140 nchini. Matope ya bwawa yana nafasi yake katika habari hii. Mwaka 1984 watafiti Wolf na Markiw walionyesha kwamba Myxobolus wa samaki aina ya trauti hawezi kukamilisha maisha yake bila kupitia mnyoo mwembamba anayeishi matopeni.

Ili kuzitafuta spora, kipande cha mnofu hubanwa kati ya vioo viwili na kutafutwa vidutu vyeupe. Spora hupimwa zikiwa mbichi, kwa kuwa fomalini huzisinyaza. Vilevile fomalini huharibu vinasaba, ndiyo maana sehemu ya sampuli hutiwa katika alkoholi. Hupimwa urefu, upana na unene, na mizunguko ya uzi ndani ya kifuko huhesabiwa. Spora nyingi zina urefu wa takriban maikromita 10: mia moja zikipangwa mstari hufika milimita moja.

Vipimo peke yake hudanganya. Zamani tone la iodini ndilo lililoamua: spora iliyopata doa la kahawia iliitwa Myxobolus, isiyopata iliitwa Myxosoma. Mtafiti J. R. Baker alipoeleza spishi tatu mpya kutoka samaki wa maji baridi wa Afrika Mashariki mwaka 1963, aliziweka katika Myxosoma. Baadaye ilibainika kwamba doa hilo haliaminiki, na Myxosoma ikamezwa na Myxobolus.

Leo husomwa pia kinasaba cha ribosomu na kulinganishwa na vilivyokwisha kuhifadhiwa. Hapo pana mtego. Spishi nyingi za Afrika zilizokusanywa katika ufunguo wa utambuzi wa watafiti Fomena na Bouix wa mwaka 1997 zilielezwa kwa michoro tu, kabla ya vinasaba kusomwa. Kinasaba kisicho na mwenzake basi hakithibitishi kwamba spishi ni mpya; huenda kimelea kilichorwa miaka 50 iliyopita. Anayetaka hakika hurudi kwenye samaki wa aina ileile, mahali palepale na katika kiungo kilekile alipoanzia mtangulizi wake.

Kwa mlaji, vimelea hivi vingi havina madhara, hasa samaki akipikwa. Kudoa septempunctata, aliyetambuliwa Japani mwaka 2010, huwatapisha na kuwaharisha wanaokula samaki mbichi. Kudoa thyrsites, aliyeelezwa na mtafiti Gilchrist mwaka 1924 kutoka samaki wa Afrika Kusini, hamdhuru mtu, ila huacha vimeng'enya vinavyoendelea kuyeyusha mnofu baada ya samaki kufa, hata mchuuzi akakuta uji mahali pa nyama.