Kamera Ikitoka Ikulu: Filamu ya Uongozi wa Rais Inapofika Kahama na Geita (Sehemu ya Pili)

Mei 24, 2017, televisheni zilirusha moja kwa moja kutoka Ikulu, Dar es Salaam, Profesa Abdulkarim Mruma akimsomea Rais John Magufuli ripoti ya makontena 277 ya makinikia, yaani mchanga wa madini, yaliyozuiwa bandarini. Siku hiyohiyo Waziri wa Nishati na Madini, Sospeter Muhongo, akapoteza kiti chake. Hakuna mtayarishaji wa filamu kuhusu uongozi wa Magufuli atakayeziacha picha zile.

Ila makinikia yale yalitoka Bulyanhulu na Buzwagi, Kahama, mkoani Shinyanga, na huko hakukuwa na matangazo ya moja kwa moja. Kabla mwaka haujaisha, kampuni ya Acacia iliyoendesha migodi hiyo ilipunguza shughuli zake Bulyanhulu na ajira zikapotea. Hapo ndipo mwongozaji makini anapopiga kambi. Aliyekuwa akiingia zamu mgodini alikwenda wapi? Mwenye nyumba za kupangisha Kakola aliishije? Mama lishe aliwapikia akina nani? Januari 2020 Serikali na Barrick, iliyokuwa kampuni mama ya Acacia, zilitia saini makubaliano yao. Serikali ikawa na hisa asilimia 16 katika kampuni ya ubia ya Twiga, na baadaye uchimbaji wa chini ya ardhi ukarejea Bulyanhulu. Filamu inayotoka kwenye ripoti ya Mruma na kutua moja kwa moja kwenye saini hizo inawafuta watu wa Kahama kwa karibu miaka mitatu, nao ndio walioubeba uamuzi wa kuyazuia makinikia mabegani.

Geita ina ushahidi wa aina nyingine. Januari 2019 Magufuli aliwaita wachimbaji wadogo Dar es Salaam, akasikiliza malalamiko yao kuhusu kodi. Miezi miwili baadaye Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafungua soko la dhahabu mjini Geita. Mwongozaji amfuate mchimbaji mmoja kutoka kwenye duara, shimo la kuchimbia, hadi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, kisha hadi kwenye mzani wa soko, amwache aeleze mwenyewe kilichobadilika na kisichobadilika.

Filamu ya namna hiyo si kama zile za kuitangaza nchi. The Royal Tour ya mwaka 2022, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan alimtembeza Peter Greenberg nchini, ilitengenezwa kuvuta watalii na wawekezaji, na kwa kazi hiyo Rais kuwa mwenyeji mbele ya kamera kulifaa. Filamu ya kupima uongozi inadai pia sauti za wanaoongozwa, wakiwemo wasioridhika.

Sehemu ijayo itahamia Chato, alikozikwa Magufuli Machi 2021.