Tumbo Linalorudi Kila Wiki: Tumuulize Mtoto Maisha Yake Pia

Katuba, Kenya, Kampemba: katika mitaa hii ya Lubumbashi, mtoto anayelia tumbo mara kwa mara hupitishwa njia ileile. Kwanza hupewa dawa ya minyoo. Tumbo likirudi, hupelekwa dispensari, akatolewa damu, akaambiwa ana homa ya matumbo na kuandikiwa antibiotiki. Likirudi tena, nyumbani hushauriwa apigwe bomba la dawa za miti. Miezi inapita, pesa zinakwisha, na asubuhi ya shule mtoto bado ameshika tumbo. Ndipo watu wanapoanza kusema anadanganya.

Hadanganyi. Mwaka 1958, John Apley na Nora Naish walichapisha uchunguzi wao wa wanafunzi 1,000 wa Bristol, Uingereza. Takriban mmoja kati ya kila 10 alikuwa amepata maumivu ya tumbo angalau mara 3 katika miezi 3, makali kiasi cha kumkatiza shughuli zake. Kwa walio wengi, hakukuonekana ugonjwa wowote katika viungo.

Maumivu hayo yana chanzo. Utumbo una mishipa yake ya fahamu, yenye mamilioni ya seli, inayopashana habari na ubongo usiku na mchana. Baada ya kuhara vibaya, au katika kipindi cha msiba na hofu, mishipa hiyo inaweza kuwa nyepesi mno kuhisi. Gesi inayopita, ambayo mtoto mwingine haitambui, kwake inauma kwelikweli.

Kinachoumia zaidi ni maisha yake. Madaktari huyapima kwa dodoso la maswali 23 lililobuniwa na mtafiti wa Marekani, James Varni, linalogusa mwili, hisia, urafiki na shule. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watoto wenye maumivu yasiyo na ugonjwa unaoonekana waliyaona maisha yao kuwa duni karibu sawa na wenzao wenye uvimbe sugu wa utumbo. Mzazi wa Lubumbashi anaweza kuuliza hayohayo kwa lugha ya nyumbani: Analala vizuri? Anamaliza bukari yake? Bado anacheza mpira na wenzake? Mwezi huu amekosa shule siku ngapi?

Hata hivyo, Lubumbashi si Bristol. Hapa minyoo, kichocho na homa ya matumbo vipo, na vinatibika. Ila kipimo cha Widal peke yake hakitoshi kuthibitisha homa ya matumbo, kwa kuwa huonyesha kingamwili zinazoweza kutokana na maambukizi ya zamani. Kuotesha maabara vijidudu vilivyomo kwenye damu ni ushahidi bora zaidi. Pia kuna selimundu, ambayo wengi huiita SS: chembe za damu zilizopinda huziba mishipa na kuleta maumivu makali, hata ya tumbo. Mtoto mwenye macho ya njano, upungufu wa damu, au aliyewahi kuvimba mikono na miguu apimwe aina ya hemoglobini.

Mwone daktari haraka mtoto akikonda au kuacha kukua, akiwa na homa, akitapika mfululizo, akitoa damu kwenye choo, akiamshwa usiku na maumivu, au tumbo likiwa gumu. Mwambie aonyeshe kwa kidole panapouma: Apley aliona kwamba kadiri kidole kinavyokaa mbali na kitovu, ndivyo uwezekano wa ugonjwa wa kiungo unavyoongezeka. Na bomba la dawa za miti liachwe kabisa, maana linaweza kuunguza utumbo na kumkausha mtoto maji.

Tusisahau jambo dogo linalowatesa wengi: choo kigumu. Mtoto anayeogopa choo cha shule kwa sababu ni kichafu au hakina mlango hujizuia mpaka jioni, na tumbo hulipa. Maji ya kutosha, matunda, mboga kama lengalenga, na kukaa chooni kwa utulivu baada ya chakula humsaidia sana. Na walimu wana kazi hapo: choo safi chenye mlango ni tiba.

Vipimo vikiwa safi, matibabu ndiyo yanaanza. Lynn Walker na wenzake nchini Marekani waliwanywesha watoto maji mpaka wakashiba na kuhisi usumbufu tumboni, kisha wakawalinganisha katika makundi. Wale ambao wazazi waliendelea kuwaulizauliza juu ya maumivu walilalamika karibu mara mbili ya wale ambao wazazi wao hawakupewa maelekezo yoyote. Waliozungumzishwa mambo mengine walilalamika karibu nusu tu ya hao wasio na maelekezo. Basi mama au baba amwambie mtoto mara moja kwamba anamwamini, kisha amshike mkono waendelee na siku: kuvuta pumzi polepole, kucheza, kwenda darasani hata kama tumbo halijatulia kabisa.

Wazazi wengi husubiri maumivu yaishe ndipo mtoto arudi shule. Mara nyingi huanza kinyume chake: usingizi, marafiki na masomo hurudi kwanza, na maumivu hupungua baadaye. Kwa hiyo daktari anayesema "vipimo havionyeshi kitu" aulizwe swali la pili: tumsaidieje mtoto huyu aishi vizuri kuanzia wiki hii?