Chachu ya zamani ndani ya kasiksi: kuitupa ao kuiamsha?

Katika vijiji vya Kabare, Walungu na Idjwi, na ndani ya mitaa mingi ya Bukavu, kasiksi si kinywaji cha furaha tu. Inakuwa kwenye mahari, kwenye kilio, kwenye kazi ya pamoja ya shamba. Kwa wamama wengi, ile bidoni ya lita 20 ndiyo inalipa minerval ya watoto. Kwa hiyo pombe ikikataa kuchachuka, hasara haiishii ndani ya bidoni. Ndizi zimekwisha kununuliwa, kuni zimekwisha kuungua, na wateja watakwenda kwa jirani.

Mara nyingi sababu ni ndogo na haionekani: chachu ilikuwa imechoka. Mama ameweka ile tope nyeupe inayobakia chini ya pombe iliyopita, ameitunza ndani ya chupa wiki tatu ao mwezi, halafu ameimwanga ndani ya maji mapya ya ndizi. Siku ya kwanza hakuna povu. Siku ya pili bado kimya. Siku ya tatu harufu ya siki inaanza. Ni nini ilitokea?

Chachu iko hai

Hamira si dawa wala unga wa kawaida. Ni kiumbe hai, kidogo sana, cha ukoo wa uyoga. Wanasayansi wanaiita Saccharomyces cerevisiae, na ndiyo ile inayofanya mkate wa sokoni. Inakula sukari, inatoa pombe na gaze. Mfaransa Louis Pasteur aliandika kitabu kizima juu ya bia, kilichotoka mwaka 1876, akieleza kwamba bia inaharibika kwa sababu ya vidudu vingine vinavyoingia na kukaa pamoja na hamira.

Katika kasiksi, ndizi zinaivishwa, zinakamuliwa kwa majani, maji yake yanachanganywa na maji ya kawaida, na unga wa mtama uliokaangwa unatiwa juu kwa kuleta rangi, ladha na chakula cha hamira. Hamira yenyewe inatoka kwenye maganda, kwenye mikono, kwenye mtumbwi wa mti ao bidoni iliyotumika zamani. Wengi wanaongeza ile tope ya pombe iliyopita ili kazi iende mbio. Iyo tope ndiyo chachu ya maji, na shida yake ni moja: inazeeka.

Kila siku wengine wanakufa

Pombe ikiisha kuchachuka, sukari imekwisha. Hamira inashuka chini, inalala, na inaishi kwa akiba iliyo ndani ya mwili wake. Akiba ikiisha, inakufa. Joto linaharakisha kifo hicho.

Ulaya na Marekani, watu wanaotengeneza bia nyumbani wananunua chachu ya maji ndani ya pakiti yenye tarehe. Hesabu ambayo wengi wao wanafuata ni hii: ndani ya frigo, karibu moja ya tano ya hamira inakufa kila mwezi. Pakiti yenye kuanza na hamira 100 inabakia na 80 kisha mwezi mmoja, 64 kisha miezi miwili, karibu 51 kisha miezi mitatu, na karibu 26 kisha nusu mwaka. Hesabu hiyo si sheria, lakini inafundisha jambo kubwa: tarehe ikipita, chachu haifi yote siku moja. Inabakia kidogo, na hicho kidogo kinaweza kuzaa tena.

Lakini iyo ni chachu ya frigo. Chupa iliyokaa karibu na moto wa jikoni, ao chini ya bati, inaisha nguvu mbio zaidi. Pale umeme unakatika kila mara, frigo yenyewe haiwezi kutegemewa.

Hatari iko wapi

Chachu ya zamani si sumu kwa sababu tu imezeeka. Hatari inatoka kwenye muda. Maji ya ndizi ni matamu, na vidudu vyote vinayapenda. Hamira zikiwa nyingi na zenye nguvu, zinashika nafasi yote ndani ya masaa machache, na pombe inayotoka inawazuia wengine. Hamira zikiwa chache, zinachelewa, na vidudu vya uchachu, vya siki na ukungu vinapata mlango wazi. Ndiyo maana siku ya tatu harufu inageuka.

Tena, chachu iliyokufa kwa wingi inapasuka na kumwanga vilivyo ndani yake. Harufu inakuwa kama ya supu ya nyama iliyolala ao mpira ulioungua. Mtu akiitia nyingi ndani ya bidoni, harufu hiyo itabakia ndani ya pombe.

Namna ya kuiamsha

Kwanza, kuangalia na kunusa. Ikiwa juu kuna ukungu wa kijani, mweusi ao wa rangi ya waridi, itupwe. Ikiwa inanuka siki kali ao nyama iliyooza, itupwe pia. Ikiwa inanuka mkate ao pombe tu, hata kama rangi imekuwa ya kahawia kidogo, inaweza kujaribiwa.

Pili, kuipatia chakula kidogo mbele ya kuipatia kazi kubwa. Lita moja ya maji ya ndizi yaliyopunguzwa kwa maji inachemshwa dakika kumi, halafu inafunikwa na kuachwa ipoe mpaka chupa ikishikwa kwa mkono haisikiki moto tena. Hapa ndipo wengi wanakosea kwa haraka: maji ya moto yanaua hamira yote mara moja. Yakiisha kupoa, nusu kikombe cha chachu ya zamani inatiwa ndani ya chupa safi pamoja na yale maji. Sukari ya duka peke yake haitoshi, kwa sababu hamira inahitaji vyakula vingine pia, na ndizi iko navyo.

Chupa isifungwe kwa nguvu. Gaze ikikosa njia, chupa inaweza kupasuka na kuumiza mtu. Kitambaa safi ao kifuniko kilicholegea kinatosha. Kila mara mtu akipita karibu, aitikise kidogo, juu hamira inayozaa inahitaji hewa.

Tatu, kungoja siku moja ao mbili. Povu ikipanda, harufu ikiwa nzuri, na tope jeupe jipya likiongezeka chini, chachu imeamka na inaweza kwenda ndani ya bidoni ya lita 20. Ikiwa povu ni kidogo sana, inaweza kulishwa mara ya pili kwa maji mapya ya ndizi. Kisha siku mbili bila alama yoyote, hakuna sababu ya kungoja. Hasara ya lita moja ni afadhali kuliko hasara ya bidoni nzima.

Hata chachu iliyokufa, ikiwa bado inanuka vizuri, iko na faida. Kijiko kimoja ndani ya sufuria wakati maji ya kuamshia yanachemka kinakuwa chakula kwa hamira zilizo hai.

Pale yote imeshindikana, hamira ya mkate kutoka dukani inaweza kuokoa kazi. Ladha haitakuwa ileile, lakini pombe itaanza. Nayo pia ijaribiwe: kijiko kidogo cha hamira, kijiko cha sukari, maji ya uvuguvugu. Kisha robo saa povu lazima ionekane.

Kuitunza kwa pombe ijayo

Njia iliyo rahisi ni kutoiacha izeeke. Chachu ichukuliwe siku pombe inapomwangwa, iwekwe ndani ya chupa iliyooshwa kwa maji ya moto, ifunikwe na pombe kidogo juu, na itumike ndani ya wiki moja. Pasipo frigo, chupa inaweza kuwekwa ndani ya chungu chenye mchanga uliolowana, kwenye kivuli. Na kisha kuirudilia mara nyingi, ni vizuri kuanza upya na chachu ya pombe iliyotoka vizuri, kwa sababu kila safari vidudu vingine vinapanda pamoja nayo.

Kazi hiyo yote inaomba siku moja ao mbili mbele ya kukamua ndizi. Chupa ikikaa kimya, mama anajua mapema: ndizi zake bado ziko mzima, na anaweza kwenda kuomba chachu mpya kwa jirani aliyetengeneza juma hili.