KOMPYUTA INAPOKATALIWA NA KIKOA CHA OFISI

Ndugu Wanachama,

Wengi wenu mliofika ofisini mwanzo wa mavuno haya mlimwona karani wa mizani akiandika uzani wa karafuu kwa kalamu katika daftari la shule, na kompyuta mpya imekaa kando kama pambo. Hali hiyo ilidumu siku tatu. Siku ya pili mzee mmoja alinijia, nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akasema: “Katibu, mwanangu, mimi hayo ya kompyuta siyajui. Najua nimeleta gunia tatu, na jina langu kwa mhasibu halipo.”

Maneno yale yalinichoma, kwa kuwa yalikuwa kweli. Basi leo nataka kueleza lililotokea, na namna ya kulitafuta kosa kama lile, ili makarani wa matawi yetu wasipotewe na siku tatu kama nilivyopotewa mimi.

Kwanza tujue kikoa ni nini. Wazee wetu walipokula kikoa, kila mmoja alitoa chakula kwa zamu yake, na waliokula ni wale waliojuana. Mafundi wa kompyuta wameliazima neno hilo, na limesadifu. Kompyuta za ofisi moja hukubaliana kuitii mashine moja, iitwayo seva. Seva ndiyo yenye orodha ya watumiaji, maneno yao ya siri, na ruhusa ya kila mmoja. Katika kompyuta za Windows kazi hii hufanywa na Active Directory, iliyoanza kutolewa pamoja na Windows 2000. Kwetu sisi, karani wa mizani akiandika kilo 40 za mwanachama, mhasibu huziona pale pale. Lakini kompyuta isiyojiunga na kikoa haifunguliwi daftari hilo la pamoja.

Kompyuta yetu ilipotakiwa kujiunga, ilijibu kwamba seva ya kikoa haikupatikana. Siku ya kwanza nililaumu waya, nikaubadilisha. Siku ya pili nikaifuta Windows yote na kuiweka upya. Kazi zote mbili zilikuwa za bure, na ile ya pili ilizidisha madhara, kama nitakavyoeleza. Ilinipasa kufuata utaratibu huu:

1. Tazama aina ya Windows. Windows ya Home haiwezi kabisa kujiunga na kikoa, hata ufanyeje. Yatakiwa Pro, Enterprise au Education. Yafaa jambo hili liangaliwe dukani, kabla fedha ya chama haijatoka.

2. Tazama njia. Waya umeingia? Taa yake inawaka? Kompyuta imepata anwani ya mtandao wa ofisi, au imeshika mtandao wa simu ya mtu? Fungua dirisha la amri, andika ipconfig /all, usome majibu taratibu.

3. Tazama anayeulizwa njia. Hapa ndipo lilipokuwa kosa letu. Kompyuta haijui seva iko wapi. Huuliza kwa DNS, ambayo ni daftari la majina na anwani. Daftari linalokijua kikoa chetu ni lile lililomo ndani ya seva yetu wenyewe. Mimi, kwa kutaka intaneti iende mbio, nilikuwa nimeandika anwani ya DNS ya nje, 8.8.8.8. Hiyo huzijua tovuti za dunia nzima, walakini kikoa cha ofisi yetu haikijui. Ni kama kusimama bandarini Mombasa ukamwuliza mpita njia nyumba ya fulani kule Pemba, nyuma ya mwembe. Atakuonyesha njia ya Nairobi vizuri sana, lakini nyumba hiyo hataijua.

Kilichonipoteza ni kwamba intaneti ilikuwa ikifanya kazi. Nilifungua tovuti, nikasoma habari, nikajiambia kuwa mtandao ni mzima. Kumbe intaneti kufika si dalili kwamba seva ya ofisi imefikiwa. Basi weka anwani ya seva yenu peke yake mahali pa DNS. Msiandike ya nje hata kama ya pili, maana siku moja kompyuta itaigeukia hiyo na kupotea tena. Seva yenyewe ndiyo itakayowaulizia mambo ya nje. Kuhakikisha, andika nslookup na jina kamili la kikoa. Jibu liwe anwani ya seva yenu.

4. Tazama saa. Seva hupima wakati kabla ya kumkubali mgeni, na kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5. Ulinzi huu, uitwao Kerberos, umewekwa ili mwizi asirudie leo salamu aliyoinasa jana. Nilipoiweka Windows upya, ilijipa majira ya magharibi ya Marekani. Nilipoona saa si sawa, nikaisogeza kwa mkono mpaka ikaonyesha saa 4 asubuhi, nami nikaridhika. Lakini kompyuta iliamini kuwa ni saa 4 asubuhi ya huko Marekani, na huko wako nyuma yetu kwa saa 10 au 11 kwa kadiri ya msimu. Kwa hiyo siku ya tatu, nilipokwisha sahihisha DNS, nilikataliwa tena, mara hii kwa ajili ya saa. Kosa hilo la pili nililizaa mwenyewe. Sahihisha kwanza majira ya mahali, yaani Nairobi, UTC+3, kisha ndiyo saa. Na kompyuta kuukuu ikipoteza saa kila umeme ukikatika, aghalabu betri yake ndogo ya ndani imekufa.

5. Tazama jina na ruhusa. Jina la kompyuta lisizidi herufi 15, wala lisifanane na la nyingine. Mtumiaji wa kawaida, kanuni isipobadilishwa, aweza kuingiza kompyuta 10 tu katika kikoa. Na tangu masahihisho ya Windows ya Oktoba 2022, kompyuta mpya ikipewa jina la zamani lililomo bado katika orodha ya seva, yaweza kukataliwa ikiwa anayeiingiza siye aliyeliandikisha jina lile. Msimamizi alifute jina hilo kwanza, au mchague jipya.

Yakishindikana yote, lipo faili liitwalo netsetup.log ndani ya C:\Windows\debug. Humo kompyuta huandika kila hatua iliyojaribu na mahali ilipokwama. Mpelekeeni fundi faili hilo. Litamfaa kuliko kumwambia “imekataa”.

Nawasihi makarani jambo moja: taabu isiwafanye mkagawiana neno la siri la msimamizi ili kazi iende. Mwenye neno hilo aweza kubadili uzani wa mwanachama yeyote, na asijulikane ni nani. Heri daftari la shule kwa siku tatu, lenye saini ya karani na ya mwenye karafuu, kuliko hilo.

Uzani wote wa siku zile tatu umekwisha ingizwa, mbele ya wajumbe wawili wa kamati, mstari kwa mstari. Gunia tatu za mzee wetu zimo. Daftari lenyewe limewekwa ofisini, na mwanachama yeyote mwenye shaka aje alitazame.

Wassalaam,
Katibu wa Chama